Hati ya Uhuru: Maisha ya Mwanamke Mtoro katika Kijiji cha Rabai

Msomaji, ukisimama juu ya vilima vya Shimba asubuhi isiyo na mawingu, utaiona bahari upande wa mashariki, na minazi ya Diani, Gasi na Msambweni imejipanga kando yake. Nchi hiyo hupendeza macho. Lakini katika karne ya 19 ilikuwa na njia mbili ambazo hazikuchorwa katika ramani yoyote. Moja ilishuka kwenda pwani, nayo ilikuwa ya watu waliopelekwa utumwani. Ya pili ilipanda kwenda msituni, nayo ilikuwa ya watu waliotoroka. Njia hii ya pili ndiyo tutakayoifuata, na tutaifuata nyuma ya mwanamke.

Huenda ukauliza: Kwa nini mwanamke, hali waliotoroka walikuwa waume kwa wake? Jibu langu ni kwamba habari za watoro zimesimuliwa mara nyingi kwa mfano wa mwanamume, aliyevunja mnyororo, akashika silaha, akawa mtu wa nafsi yake. Kwa mwanamke jambo halikuwa jepesi hivyo. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, na hata alipofika mahali pa salama uhuru wake ulimjia kwa vipande vipande, kila kipande mkononi mwa mtu mwingine. Ukitaka kujua uzito wa neno uhuru katika pwani ya wakati ule, mtazame mwanamke.

Kwanza yafaa tujue alitoka wapi. Baadhi ya wanawake waliolima mashamba ya pwani walikuwa wametekwa katika nchi za mbali, kama zile za kando ya Ziwa Nyasa, wakaletwa kwa misafara hadi Kilwa, kisha kwa majahazi hadi Unguja na Mombasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, akapiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Lakini mkataba ule haukuufuta utumwa wenyewe. Mwanamke aliyelala mtumwa Gasi au Vanga usiku wa kuamkia mkataba aliamka mtumwa vile vile.

Wengine hawakutoka mbali. Mwaka 1884 njaa kubwa, ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, iliingia katika nchi nyuma ya pwani. Mtu aliyeishiwa na chakula alimweka rehani mtoto kwa tajiri wa pwani ili apate nafaka, kwa tumaini la kumkomboa mavuno yakija. Kumbuka kwamba Wadigo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya watoto wa dada yake. Basi aliyepaswa kumlinda binti ndiye aliyeweza pia kumtoa. Mvua ilipokawia, rehani iligeuka kuwa utumwa. Binti wa namna hiyo alipoteza kitu kikubwa kuliko mali. Alipoteza fuko lake, yaani ukoo wa mama. Na mtu asiye na fuko hakuwa na wa kumdai wala wa kumtetea.

Shambani mtumwa alifanya kazi ya bwana siku tano za juma. Kwa desturi ya pwani, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, alime konde lake dogo apate chakula. Wenye kusifu mabwana wa zamani huzitaja sana siku hizo mbili. Lakini, msomaji, hebu fikiri: ikiwa siku mbili ni hisani ya mwenye shamba, zile tano ni za nani?

Katika nyumba kubwa alikuwako mtumwa wa namna nyingine, naye ni suria. Huyu alichaguliwa na bwana awe kama mke pasipo ndoa. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake, naye bwana akamkubali, alizaliwa huru, na mama mwenyewe alikuwa huru bwana alipokufa. Hapa ndipo penye fundo la moyo wa mwanamke. Suria akitoroka alijiokoa nafsi yake, lakini alimwacha mwanawe mwungwana katika nyumba ya baba. Akimchukua mtoto, alimtoa katika uungwana na kumtia katika utoro. Mtumwa wa shamba naye alikuwa na fundo lake, kwa kuwa watoto waliozaliwa na watumwa wawili walikuwa watumwa, na kutembea usiku na watoto wanaolia ni kumwita mwenye kukuwinda. Kwa hiyo usidhani kwamba wanawake waliobaki waliridhika. Wengi walibaki kwa sababu walikuwa akina mama.

Na aliyekata shauri la kwenda, angekwenda wapi? Bara ya pwani ya kusini palikuwa na makao ya watoro tangu zamani. Wamisionari wa kwanza walikuta habari za Mwazangombe, kijiji cha watumwa waliojificha. Tena palikuwa na Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi, wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana mara kwa mara na Sultani wa Unguja, na aliyekuwa na ngome yake Mwele, ndani ya misitu ya nchi ya Kwale. Sheikh Mbaruk aliwakubali watoro, maana alihitaji watu wa kubeba bunduki. Mwanamume mtoro aliweza kuwa askari wake. Mwanamke hakuhitajiwa kwa bunduki. Alihitajiwa kwa jembe, kinu na kitanda, yaani kwa mambo yale yale aliyoyakimbia.

Palikuwa na mahali pengine, zaidi ya kilomita 50 kaskazini ya Gasi, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Hapo ni Rabai. Mwaka 1846 wamisionari wawili Wajerumani wa jamii ya Kianglikana iitwayo CMS, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliomba ruhusa kwa wazee wa Warabai, wakajenga nyumba huko. Kwa miaka mingi walipata wafuasi wachache sana. Krapf alirudi Ulaya, na Rebmann alikaa karibu miaka 29, hata akapofuka. Kisha mambo yakabadilika. Waliletwa Waafrika waliookolewa baharini walipokuwa watoto, wakalelewa na kusomeshwa Nashik katika Bara Hindi. Watu hao, wanaume kwa wanawake, walijua kusoma, ufundi na Kiingereza, nao walijua pia utumwa ni nini. Mmoja wao aliitwa William Jones. Mwaka 1875 CMS ilijenga kijiji cha Freretown huko Kisauni kwa ajili ya watumwa walionyang'anywa majahazini na manowari za Waingereza. Kengele ya Freretown ndiyo iliyopaacha mahali pale na jina la Kengeleni.

Watu wa majahazini walikuwa wameletwa kwa sheria. Watoro hawakuletwa na mtu. Walikuja wenyewe usiku kwa miguu, na sheria ya nchi ilikuwa upande wa mabwana zao. Wakuu wa misheni walikuwa wamekatazwa kuwapokea. Lakini padre akimkuta mwanamke mlangoni alfajiri, na alama za fimbo mgongoni, atamwambia nini? Basi walipokewa, mmoja mmoja, hata wakawa mamia, na Rabai ikawa mji wa watoro katikati ya nchi ya watu wengine: mbele yake pwani yenye mabwana, nyuma yake nyika.

Maisha ya hapo yalikuwaje? Wahenga walisema: Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe. Hapo jembe lilitolewa siku ya kwanza. Mwanamke alipewa mahali pa kujenga kibanda cha fito na udongo, akaezeka kwa makuti au nyasi, akafyeka konde la mahindi, mtama na mihogo. Ardhi ilikuwa ya Warabai, na wageni walivyozidi, wenyeji walianza kuuliza mwisho wake ni wapi. Maji yalichotwa bondeni na kupandishwa kilimani kichwani. Kazi hizi alizijua. Jipya lilikuwa kwamba mavuno yalikuwa yake siku zote saba, ila Jumapili alipumzika.

Jipya la pili lilikuwa kengele. Kengele iliamsha watu, iliita watu kusali, iliita watoto darasani. Wanawake walifundishwa kusoma, kushona na kuimba. Usiidharau sindano, msomaji. Mavazi yalikuwa hati ya kwanza iliyosomwa na kila jicho katika pwani ya zamani: mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama mwungwana. Mwanamke aliyeshona nguo yake mwenyewe, akaivaa kwenda kanisani, alikuwa ametangaza jambo kabla hajafungua kinywa.

Jipya la tatu lilikuwa ndoa. Mjakazi hakuweza kuolewa bila idhini ya bwana, wala hakuwa na jamaa wa kumsimamia. Katika misheni aliolewa mbele ya watu wote, na jina lake likaandikwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini idhini haikutoweka. Ilihama mkono tu. Freretown wasichana walilazwa pamoja chini ya uangalizi, na mkuu wa misheni alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya kuoa na kuolewa. Waliokosa waliadhibiwa. Adhabu zilizidi hata mwaka 1881 malalamiko yalichunguzwa na ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ikaonekana kwamba watu waliokombolewa katika utumwa walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa katika kijiji cha ukombozi.

Palikuwa pia na swali la wake wengi. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana London waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali asubiri, lakini wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Kwa maaskofu lilikuwa jambo la kanuni. Kwa mwanamke wa pwani lilikuwa jambo la nyumba: mume akitaka kubatizwa na kuwaacha wengine, yupi atabaki na yupi atatoka, na huyo wa kutoka, asiye na fuko wala kwao, atakwenda wapi?

Zaidi ya yote palikuwa na hofu. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown kwa sababu ya watumwa wao. Mwaka 1883 kijiji cha watoro Wakristo cha Fuladoyo, upande wa kaskazini, kilimpoteza kiongozi wake David Koi, aliyeuawa kwa kukatwa kichwa. Kila mwanamke wa Rabai alijua kwamba kilichompata Fuladoyo chaweza kumpata yeye.

Nipe nafasi nikukumbushe siku moja. Katika Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai na msafara wa wapagazi wapatao 200 kwenda Buganda. William Jones, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amempa ushemasi mwaka ule ule, alikwenda naye. Askofu alitangulia na watu wapatao 50. Busoga akashikwa, akauawa tarehe 29 Oktoba, na wenzake karibu wote wakauawa pia. Jones aliwangoja wale wa mbele huko nyuma hata akapata habari kwa watu wachache waliookoka. Akawarudisha waliosalia. Mwezi wa Februari 1886 walikaribia Rabai wakibeba bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la Biblia la kuomboleza utukufu ulioondoka.

Vitabu husimulia habari za askofu, na ni haki. Lakini mtazame mwanamke aliyesimama kando ya njia siku ile, akihesabu nyuso. Baadhi ya wapagazi walikuwa watu wa Rabai. Mwanamke huyu alikwisha kupoteza jamaa mara moja, alipotekwa au alipotorokea huku. Mume alikuwa ndiye jamaa aliyejitengenezea upya. Kwake bendera ile haikuhitaji kusomwa.

Sasa tufike kwenye hati. Mwaka 1888 George Mackenzie alifika Mombasa kwa niaba ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa imepewa na Sultani kazi ya kutawala pwani. Akakuta mabwana wamekasirika, kwa kuwa watumwa wao waliokuwa wamejificha katika vijiji vya misheni, Rabai na penginepo, walifika wapatao 1,400. Mackenzie aliona kwamba akiwarudisha patakuwa na fedheha, na akiwaacha patakuwa na vita. Akafanya mapatano: mabwana walipwe fidia, na watoro wapewe hati za uhuru. Mwanzoni mwa mwaka 1889 hati ziligawiwa.

Fikiri juu ya karatasi ile katika mkono wa mwanamke. Kwa ajili yake aliweza kushuka Mombasa mchana, akauza mihogo sokoni, akakutana uso kwa uso na bwana wa zamani, na asikimbie. Mtoto atakayemzaa hataandikwa mali ya mtu. Hizo si nafuu ndogo. Lakini itazame hati upande wa pili pia. Fedha zililipwa kwa bwana, si kwa yule aliyemlimia miaka kumi. Kulipa fidia ni kukiri kwamba mtu alikuwa mali. Na wenzake waliobaki Gasi, Vanga na Takaungu hawakupata karatasi yoyote, kwa sababu hawakutoroka. Katika pwani yetu sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1907. Unguja na Pemba amri ilitolewa mwaka 1897, lakini masuria wakawekwa kando mpaka mwaka 1909. Miaka 12 yule mwanamke wa nyumba kubwa alingoja, huku mlinda shamba ameruhusiwa kwenda.

Rabai haikuwa peke yake duniani. Wakati ule ule, ng'ambo ya bahari, palikuwa na watu wengine waliokimbilia nyikani kwa ajili ya dini. Wamormoni wa Marekani, waliofukuzwa na jirani zao, waliongozwa na Brigham Young mwaka 1847 kuvuka milima hadi bonde la Salt Lake huko Utah, nchi kame iliyokuwa na wenyeji wake, Wahindi Wekundu. Wanawake wao walichimba mifereji, wakazaa mbali na waganga, na wengi wakaishi katika nyumba za wake wengi mpaka mwaka 1890, mkuu wa kanisa lao alipotangaza mwisho wa ndoa hizo. Mwaka 1870 walipewa haki ya kupiga kura, kabla ya wanawake wa Uingereza. Mwaka 1887 Bunge la Marekani likawanyang'anya. Mwaka 1896 wakairudishiwa. Unaona, msomaji, jinsi haki ya mwanamke katika kijiji cha mpakani ilivyokuwa kama ndoo kisimani: hupanda na kushuka kwa kamba iliyoshikwa na wengine.

Lakini wanawake wa Utah walikuwa na kitu ambacho wanawake wa Rabai hawakuwa nacho. Waliandika. Waliweka kumbukumbu za kila siku, na tangu mwaka 1872 walikuwa na gazeti lao wenyewe. Hata karibu na Rabai tofauti hii yaonekana. Rebecca Wakefield, mke wa mmisionari wa Kimethodisti, alifariki Ribe mwaka 1873, na miaka mitatu baadaye nduguye akatoa kitabu cha maisha yake na barua zake. Wanawake waliozikwa jirani naye miaka ile hawakuandikiwa kitabu. Katika daftari la ubatizo mwanamke mtoro ni jina jipya, Maria au Marta, na jina alilopewa na mama yake halisikiki tena.

Hata hivyo hawakupotea. Watoto wao ndio walioitwa Wamisheni, watu wa Rabai na Freretown, ambao kati yao walitoka walimu, makarani, mapadre na mafundi waliotapakaa Kenya nzima. Kizazi kile kilijifunza kusoma magotini pa akina mama waliojifunza wakiwa watu wazima, jioni, baada ya jembe.

Basi, msomaji, utakaposoma katika kitabu cha historia kwamba watoro wapatao 1,400 walikombolewa, usipite upesi kwenye ukurasa unaofuata. Simama uulize: Wangapi walikuwa wanawake? Nani alishika fedha, na nani alishika karatasi? Aliyekwenda alimwacha nani nyuma? Kisha nenda kwa bibi yako, awe ni wa Msambweni, wa Kinondo au wa Rabai, umwulize jina la mama wa bibi yake, na mahali alipotoka. Akilitaja, chukua kalamu uliandike siku hiyo hiyo.